Uzi: Biashara Street, mtaa wa Nairobi usioitwa kwa jina la mtu

Wanajamvi, hamjambo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye kona ya Moi Avenue na Biashara Street, chini ya jengo la Bazaar Plaza, nikimngoja binti yangu atoke kwenye duka la vifungo. Vijana wawili wakapita. Mmoja akainua macho, akasoma jina la jengo, akamwuliza mwenzake, "Kwani Bazaar alikuwa nani?" Mwenzake akajibu papo hapo, "Si alikuwa gavana wa zamani, wa wazungu." Wakaenda zao.

Sijawatoa akilini tangu siku hiyo. Na siwalaumu, maana ukikulia Nairobi unazoea kwamba kila barabara ni mtu. Kenyatta Avenue zamani ilikuwa Delamere. Koinange ilikuwa Sadler, ambaye kweli alikuwa gavana. Muindi Mbingu ilikuwa Stewart, kabla ya kupewa jina la yule kiongozi aliyewaongoza Wakamba kuandamana hadi Nairobi mwaka 1938 kupinga kunyang'anywa mifugo yao. Kimathi ilikuwa Hardinge, na Tom Mboya ilikuwa Victoria, malkia mwenyewe. Uhuru ulipokuja tukawashusha wale, tukawapandisha wa kwetu. Hata vijia vya jirani vina wageni waheshimiwa: Moktar Daddah alikuwa rais wa kwanza wa Mauritania, na Tubman alikuwa rais wa Liberia.

Katikati ya hao wote kuna mtaa mmoja uliokuwa ukiitwa Bazaar Street, yaani mtaa wa soko, ukaja kuitwa Biashara Street. Hapakuwa na mtu wa kuondolewa, na hakuna aliyewekwa. Jina lilitiwa Kiswahili tu, shughuli zikaendelea asubuhi yake kama kawaida. Mimi naona mtaa huo umetunza tabia yake kwa sababu hiyo: haukuwahi kuwa wa mtu mmoja. Watu wamekuja na kuondoka, wengine kwa kufukuzwa, na kitambaa kimebaki mezani. Ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu. Nitaandika kwa vipande kwa sababu niko kazini, mniwie radhi.

*

Tuanze na moto.

Reli ilifika hapa mwisho wa Mei 1899. Palikuwa kinamasi na kijito ambacho Wamaasai walikiita Enkare Nairobi, maji baridi. Makao makuu ya reli yalipohamishwa kutoka Mombasa, pakawa na watu wenye mshahara, na penye mshahara hapakosi wa kuuza chumvi, unga, mafuta ya taa na nguo. Bazaar ya kwanza ikachipuka si mbali na stesheni. Vilikuwa vibanda vya mabati na mbao, vimebanana, maji machafu hayana pa kwenda, na wenye maduka wakilala nyuma ya magunia yao. Mwaka 1902 tauni ikaingia. Serikali ya kikoloni ikaamuru bazaar ichomwe moto, ikachomwa.

Kwa hiyo anayesema Biashara Street ndiyo ileile bazaar ya siku ya kwanza amepitiwa. Ile iligeuka majivu. Iliyoacha jina hapa ni bazaar iliyosimama tena baada ya moto, na mimi hilo ndilo linalonigusa: watu walioona mali yao ikiteketezwa kwa amri ya serikali walirudi wakafungua milango.

Tauni haikuishia hapo, ilirudi tena miaka iliyofuata. Mwaka 1913 akaletwa profesa mmoja Mwingereza, W. J. Simpson, kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, na ushauri wake ulikuwa watu watengwe kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Panya aletaye tauni hajui rangi ya mtu, lakini ushauri ule uliwafaa wakubwa na ukaacha alama kwenye ramani ya jiji hadi leo. Wazungu walikaa juu mlimani, Wahindi upande wa Ngara na Parklands, sisi tukapelekwa mashariki. Mimi ni mtoto wa Pumwani, Majengo. Historia hiyo naijua kwa nyayo, kwa sababu safari ya kwenda Biashara Street tuliitembea kwa miguu: tunakata Racecourse Road, tunaibukia Ronald Ngala, tunavuka Tom Mboya, halafu Moi Avenue, na hapo mama ananishika mkono.

*

Nimeona mchango wa ndugu mmoja hapo chini anayesema wenye maduka wale ni wajukuu wa makuli waliojenga reli. Hilo tumefundishwa wengi na ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Wafanyakazi walioletwa kutoka India kwa mkataba wa reli walikuwa karibu 32,000. Waliokufa ni 2,493, na waliobaki baada ya mkataba kwisha ni 6,724. Walio wengi walirudi kwao. Wenye maduka kwa sehemu kubwa walikuwa watu wengine kabisa, wafanyabiashara waliojilipia nauli ya jahazi au meli kutoka Gujarat, Kutch na Punjab, wengine wakiwa tayari wana jamaa Zanzibar, Mombasa na Lamu kabla reli haijaota hata ndotoni.

Mfano mzuri ni Allidina Visram, mtu wa Kutch. Alianza akiwa kijana upande wa Bagamoyo na Zanzibar, wakati bidhaa bado zinapanda bara kwa vichwa vya wapagazi. Reli ilipoanza kwenda, yeye akaifuata na maduka, stesheni hadi stesheni, mpaka Uganda. Alifariki mwaka 1916. Mwingine ni A. M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, mkandarasi wa reli, ndiye aliyeanzisha gazeti la African Standard mwaka 1902, na ile bustani yake ya mwaka 1906 ipo mpaka sasa, hatua chache kutoka mtaa wetu. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuijenga bustani hiyo majumba, mjukuu wake Zarina Patel akasimama kidete na wenzake, ikapona. Kila anayekula mkate wake wa mchana pale kwenye nyasi amshukuru mama huyo.

Ukitaka ushahidi wa ukale wa biashara ile usiende kwenye makaratasi, sikiliza unavyozungumza. "Pesa" ni paisa ya Wahindi. "Laki" ni yao. "Duka" tulilipata kupitia kwao, na "gunia" pia. Mpaka mwaka 1920 fedha halali ya hapa ilikuwa rupia, na bibi yangu mpaka anakufa mtu bahili alimwita mfunga rupia. Yaani ulimi wetu ulishafanya biashara na bazaar kabla mtaa haujawekwa lami.

*

Sasa kitambaa, maana mtaa huu ni wa kitambaa kwanza.

Wazee wetu walikuwa na kitambaa kiitwacho marekani, pamba isiyopaushwa, kigumu, kizuri kwa kanzu ya kazi na tanga la ngalawa. Jina hilo si bahati nasibu. Kilitoka viwanda vya Massachusetts kwa meli hadi Zanzibar, na watu wakakiita kwa jina la kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule, 1861 hadi 1865, vilipokausha shehena, vitambaa vya Uingereza na baadaye vya viwanda vya Bombay vikajaza pengo. Pamoja nacho kulikuwa na kaniki, nyeusi ya kuelekea buluu, na bafta, nyeupe nyembamba. Mama yangu aliyajua majina haya yote, na aliponituma alisema "niletee wari tatu za bafta", si yadi wala mita. Wari ni ile yadi ya Kiswahili. Wari mbili ni shuka, nne ni doti. Kitambaa kizima kilichoviringishwa ni jora.

Duka tulilolizoea lilikuwa na kaunta ya mbao iliyolainika kwa miaka mingi ya mikono hadi ikawa inang'aa kama kitu kilichopakwa mafuta. Ukingoni palikuwa na rula ya shaba iliyopigiliwa misumari midogo. Mzee wa duka alilitupa jora juu ya kaunta likabingirika mara tatu, tap tap tap, akakunjua kitambaa kwa kukivuta kwenye ile rula bila hata kuitazama. Akifika mwisho wa kipimo aliongeza upana wa kiganja. Kisha akachukua mkasi, akakata mdomo mdogo tu, kama nusu ya kidole, akaweka mkasi chini, akashika pande mbili na kuchana kwa mkupuo mmoja. Mlio wake nausikia hadi leo. Kitambaa kizuri cha pamba kinachanika kimenyooka kufuata uzi wake, na mama alikuwa anasikiliza mlio huo kama mtu anayegonga nazi sokoni kujua imejaa maji. Kikichanika kwa kujikunjakunja alikirudisha.

Siku moja nilikwenda naye kununua leso, yaani kanga, za harusi ya dada yangu mkubwa, za kumpelekea mamake bwana harusi. Mama akapenda doti moja nyekundu ambayo mji wake, yaani sehemu ya katikati, ni mweusi. Akasema, "Mzee, nifungie hii."

Mzee akauliza, "Ya nani, mama?"

"Ya mkwe wangu. Mamake kijana."

Mzee akaigeuza leso akatafuta jina, yale maandishi yake, akasoma polepole kwa Kiswahili chake cha Kigujarati, kila silabi mahali pake: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Akaikunja akairudisha rafuni. "Hii hapana. Hii ukimpelekea mkwe, harusi iko na vita. Mpe hii." Akashusha nyingine, ya manjano, imeandikwa Wema hauozi.

Mama alishikilia rangi yake, mzee naye akakataa kata kata kumuuzia. Tukaondoka na ya manjano. Mwezi mmoja baadaye mama akarudi peke yake akanunua ile nyekundu, ya kujifunga mwenyewe nyumbani, na ninajua ni jirani yupi aliyekusudiwa kuisoma.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi kwa watu wanaosema maduka yale hayakuwa na ujamaa wowote na wateja wake. Mtu asiyekujali atakuuzia chochote. Yule alijua leso ni barua, akajua pia barua gani haistahili kwenda kwa nani.

*

Narudi. Nimesoma michango yenu ya mchana. Kuna mdau ameandika kwa ukali kwamba nausifu mtaa ambao Mwafrika alikuwa haruhusiwi hata kukodi kibanda. Dada, una haki ya kukasirika, na sitaki kulipita hilo.

Mwafrika wa Nairobi alitembea na kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, shingoni, kwenye kibweta cha bati, na bila hicho alikamatwa. Hilo linajulikana. Lisilojulikana sana ni sheria ya mikopo. Tangu mwaka 1926 ilikuwapo sheria ya kudhibiti biashara ya mkopo na Mwafrika, na ilipofika mwaka 1948 deni lililozidi shilingi 200 mdai hakuweza kulidai mahakamani. Walisema wanatukinga na madeni. Lakini fikiria: duka la nguo linaanza kwa mali ya mkopo. Mwenye jumla anakupa majora kumi, unauza, unalipa. Kama sheria inamwambia mwenye jumla kwamba hawezi kukudai, atakupa nini? Kwa hiyo mtoto wa Mhindi alianza na mali ya mjomba wake, na mtoto wa Mwafrika alianza na kile kilichokuwa mfukoni. Watu wakaja kusema Mwafrika hajui biashara.

Walichoweza kushika Waafrika wengi kwenye mitaa ya namna hii ilikuwa baraza. Majumba yale ya zamani yana baraza mbele, paa limeshikwa kwa nguzo, na chini yake wakakaa mafundi na cherehani zao za kukanyaga. Ulinunua kitambaa ndani, ukapimwa nje. Fundi alikuwa na kamba ya kupimia shingoni na pini mdomoni, na aliongea na wewe bila kuzitoa. Mwenye duka alihitaji fundi ili kitambaa kiuzike, na fundi alihitaji mwenye duka ili apate mteja. Haukuwa usawa, maana mmoja alikuwa ndani na mwingine nje. Hata hivyo mafundi wale walisomesha watoto, na wengine baadaye waliingia ndani.

Mlango ulifunguka kwa namna yenye uchungu wake. Mwaka 1967 serikali yetu ilipitisha sheria ya leseni za biashara na sheria mpya ya uhamiaji. Asiye raia akawekewa mipaka ya mahali pa kufanyia biashara na bidhaa za kuuza. Wengi wa wenye maduka walikuwa na pasipoti za Uingereza, wakaanza kuondoka, na Uingereza nayo ikawafungia mlango kwa sheria yake ya Machi 1968. Familia ziligawanyika, mmoja London, mwingine Nairobi, mwingine hajui aende wapi. Waliochukua uraia walibaki, na maduka mengine yakaingia mikononi mwa Waafrika. Mwezi Julai 2017 ndipo Wakenya wenye asili ya Asia walipotambuliwa rasmi kama jamii ya 44 ya nchi hii. Mtu anazaliwa hapa, babake kazaliwa hapa, na anatambuliwa akiwa mzee. Mimi naona walichelewa kupewa, na sisi tulichelewa kupewa kaunta, na kosa moja halifuti jingine.

*

Agosti 1, 1982 nilikuwa mtoto. Wanajeshi wa angani walijaribu kupindua serikali, na kabla ya jua kutua katikati ya jiji kulikuwa kumeporwa, hasa maduka ya Wahindi. Sisi tulifungiwa ndani. Siku zilizofuata vichochoroni Majengo palikuwa na majora mazima yanauzwa kwa bei ya mkate, polista, kreponi, vitenge vya nta. Majirani walinunua. Mama alikuja kuletewa mlangoni jora la kitambaa ambacho kwa miaka mingi alikuwa akikitamani na hana uwezo nacho. Akalishika, akalichana nyuzi mbili tatu kwa kucha, akalirudisha. Alisema, "Mwanangu, nitamwangaliaje yule mzee?" Askari walipoanza kupekua nyumba, vitambaa vile vikatupwa usiku, vingine mtoni.

Mwezi uliofuata tulikwenda dukani. Kioo kilikuwa kipya. Mzee alimpa mama kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hawakuzungumzia lolote.

Niliikumbuka siku hiyo baada ya Juni 25, 2025, maduka mengi ya katikati ya jiji yalipoporwa tena. Safari hii mwenye duka aliyekuwa akilia kwenye vioo vilivyovunjika mara nyingi alikuwa Mwafrika mwenzetu mwenye mkopo wa benki.

*

Swali lililoulizwa na wengi: mtaa huu umeponaje mitumba?

Swali zuri, kwa sababu viwanda vyetu havikupona. Milango ya mitumba ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda kama Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret vilidhoofika mpaka vikasimama. Rivatex ilikuja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Soko la mitumba la Gikomba likawavisha watu wa Nairobi, nami nikiwa mmoja wao, na sioni haya: shati la kamera la Gikomba, yaani lile la kwanza belo linapofunguliwa, linadumu kuliko jipya la bei ya chini.

Lakini tazameni kinachouzwa Biashara Street. Nguo za mtoto mchanga. Leso za mbeleko. Sare za shule na za skauti. Vitambaa vya harusi, vikoi vya maharusi wanaume, mashuka ya chumba cha bibi harusi, mapazia ya nyumba mpya. Vifungo, zipu, lesi, nyuzi. Na bafta nyeupe ya sanda. Ni vitu ambavyo mtu hataki viwe vimevaliwa na mwingine kabla yake. Hata aliyevaa mtumba maisha yake yote, mtoto wake wa kwanza hamfungi kwa nguo isiyojulikana ilikotoka, na mzazi wake hamziki kwa nguo ya mtu. Gikomba inakuvisha siku za katikati. Mtaa huu unakuvisha zile siku chache ambazo watu watazikumbuka.

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyetumwa. Mzee hayupo tena, yupo mwanawe. Nikasema nataka bafta. Akaniangalia, akauliza jambo moja tu, "Mwanamke au mwanamume?" Nikasema mwanamke. Akajua ni vipande vitano, kwa mwanamume ni vitatu. Akapima kimya kimya kwenye rula ileile ya shaba, akaongeza kiganja, akachana. Kilichanika kimenyooka. Halafu akauliza, "Ni mama?" Nikatikisa kichwa kukubali, naye akazunguka kaunta akaja kunishika mkono.

*

Kuhusu hali ya sasa, nitasema kwa ufupi. Duka moja la zamani siku hizi linagawanywa vyumba kumi, kila kimoja upana wa kabati, ndizo tunazoziita eksibisheni. Mwenye chumba analipa gudwili, yaani ada ya kupewa nafasi, kabla hata ya kodi, na gudwili hairudi. Ndiyo maana kijana anasimama mlangoni akikuvuta, "Karibu mama, kuangalia ni bure," maana ana deni tangu siku ya kwanza. Biashara ya jumla kubwa imehamia Eastleigh, tangu yale maduka ya Garissa Lodge ya miaka ya 1990. Hilo si baya, mji unapanuka. Ninaloumia nalo ni majumba. Yale ya ghorofa moja yenye baraza na nguzo yanazidi kupungua, na mengine yamefunikwa kwa mabango hadi huoni nakshi za juu. Mitaa michache kutoka hapo, maktaba ya McMillan ina sheria yake maalumu ya kuilinda tangu mwaka 1938. Tunayo sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inayoruhusu jengo kutangazwa kuwa urithi wa taifa. Ningependa kuona safu moja tu ya baraza za Biashara Street ikitangazwa hivyo, yenye mafundi wake chini, wakiendelea kushona. Mwenye kujua njia ya kulifikisha jambo hili mbele, tafadhali aniandikie hapa tuungane. Nasema kwa moyo wote.

*

Majibu ya haraka kabla sijalala.

Aliyeuliza kama kuna Biashara Street nyingine: ndiyo, Mombasa, nayo ni ya leso vilevile, na kwa leso ni kongwe kuliko yetu. Leso zenye majina zilishamiri Pwani kwanza. Neno lenyewe leso tulilipata kwa Wareno, walipokuwa wakiuza vitambaa vya mkononi ambavyo wanawake waliviunga sita sita wakajifunga.

Aliyeuliza kama bei ni nafuu kuliko Eastleigh: kwa kununua doti ishirini za biashara, nenda Eastleigh. Kwa kununua moja unayotaka kuisoma, kuishika na kuitafakari, nenda Biashara Street, Jumanne au Jumatano asubuhi, kabla watu hawajajaa.

Kijana aliyeuliza lesi na vifungo vya gauni la kipaimara la mdogo wake: ingia kwa upande wa Moi Avenue, beba kipande kidogo cha kitambaa chenyewe. Usitaje rangi kwa mdomo, weka kitambaa juu ya kifungo, na utoke nacho nje kwenye mwanga wa jua. Taa za ndani zinabadilisha rangi.

Na mama uliyeuliza pa kupindiwa leso: usimpe mtu wa kwanza atakayekuita. Mwombe akuonyeshe pindo alilokwisha kushona. Likiwa jembamba na mshono umefuata mstari wa pindo bila kupanda kwenye jina, mwachie. Mwambie asikate upande wa maandishi. Wengine hukata, herufi ya mwisho ikapotea, na jina la leso likabaki limekatika katikati ya neno.